Mwaka 1898 katika Hesabu ya Mto Naili

Tarehe 8 Novemba 1959 wajumbe wa Misri na wa Sudani walitia saini mjini Cairo mapatano ya kugawana maji ya mto Naili. Mapatano hayo yalisimama juu ya tarakimu moja. Ilikadiriwa kwamba mto hupitisha Aswan, kwa wastani, mita za ujazo bilioni 84 kila mwaka. Katika hizo, bilioni 10 zilihesabiwa kuwa ni za kupotea katika ziwa la bwawa jipya lililokuwa likikusudiwa kujengwa, bilioni 55.5 zikawa fungu la Misri, na bilioni 18.5 fungu la Sudani. Wengi wameyasoma mapatano hayo kwa jicho la siasa, na siasa haikosekani humo. Lakini mna maneno machache ambayo msomaji huyapita upesi, nayo ni yale yasemayo kwamba wastani huo umetokana na miaka ya karne iliyokuwapo wakati ule, yaani karne ya ishirini.

Kwa nini karne ya ishirini peke yake? Vipimo vya Aswan havikuanza mwaka 1900. Vipo vya kila mwaka tangu 1871, na wahandisi wa Misri walivijua kama mtu ajuavyo vidole vyake. Mtu akijumlisha miaka yote 89, tangu 1871 hata 1959, kisha akagawanya, wastani aupatao ni karibu bilioni 92.6. Tofauti ya bilioni 8 na zaidi kwa mwaka si tone la maji. Yakaribia nusu ya fungu zima la Sudani. Basi waliochagua kuianza hesabu pamoja na karne walikuwa wamekwisha kukata shauri juu ya jambo kubwa kuliko lile lililoandikwa: kwamba mto wa kabla na mto wa baada si mto mmoja, na kwamba ahadi zilizotolewa na ule wa zamani haziwezi kudaiwa kwa huu mpya. Shauri hilo lilikatwa kabla ya kuwapo elimu kamili ya kulipima. Elimu hiyo ilikuja baadaye, ikarudi kwenye tarakimu zile zile, na Naili ukawa mfano ambao wanafunzi wa takwimu duniani kote hufundishwa nao.

Yafaa kwanza kuzitazama tarakimu zenyewe. Katika miaka 28 ya mwanzo, 1871 hata 1898, mto ulipitisha wastani wa bilioni 109.8. Mwaka 1879 ulipitisha bilioni 137. Haikuwa neema bila kukatika, kwa maana mwaka 1877 zilipita bilioni 81.3 tu, na mwaka 1888 bilioni 79.9, lakini kila mara mto ulijirudi, na mwaka uliofuata ulijaa tena. Mwaka 1898 zilipita bilioni 110. Mwaka 1899 zikapita bilioni 77.4, na safari hii mto haukujirudi. Mwaka 1900 bilioni 84. Mwaka 1901 bilioni 87.4, mwaka 1902 bilioni 69.4. Ukaendelea hivyo, na mwaka 1913 ukafika chini kabisa, bilioni 45.6, ambazo ni theluthi moja ya maji ya mwaka 1879. Wastani wa miaka 72 iliyofuata, 1899 hata 1970, ni bilioni 85.

Jicho la mtu yeyote laona kwamba hapo pana jambo. Lakini jicho ni shahidi mwepesi wa kudanganywa. Mtu akirusha sarafu mara mia na kuandika matokeo, ataona humo vipindi na zama, atazipa majina, na asipojizuia atazitafutia na sababu. Swali lililowakabili wanatakwimu lilikuwa hili: ni kwa kanuni gani mtu aweza kutofautisha mgeuko wa kweli na mchezo wa bahati, na ni kwa kanuni gani aweza kusema mgeuko huo ulitokea mwaka gani?

Kanuni hizo zilianza viwandani, mbali na mito. Mwezi Mei 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani, aliwapelekea wakuu wake karatasi fupi yenye mchoro. Katika mchoro huo vipimo vya vitu vilivyotengenezwa viliwekwa kimoja baada ya kimoja, na juu yake na chini yake ikapigwa mistari miwili ya mipaka. Kipimo kikibaki kati ya mistari, mtambo uachwe uendelee. Kikiruka mstari, mafundi waitwe. Ulikuwa uvumbuzi wa busara nyingi, nao umeokoa mali nyingi viwandani. Upungufu wake ni kuwa ulikihukumu kila kipimo peke yake, kana kwamba vile vilivyotangulia havikuwahi kusema neno. Mtambo ulioharibika kidogo, ukawa unatoa vitu vyenye kasoro ndogo siku zote, uliweza kupita kati ya mistari hiyo kwa muda mrefu bila kukamatwa.

Mwaka 1954 E. S. Page, kijana wa Cambridge, alitoa katika jarida la Biometrika dawa ya upungufu huo. Dawa yenyewe ni nyepesi hata mtu hushangaa kwamba ilingoja muda mrefu hivyo. Kila kipimo hutolewa katika wastani unaotarajiwa, na kile kinachosalia, kiwe ziada au upungufu, hulimbikizwa juu ya vilivyotangulia. Mambo yakiwa ya kawaida, ziada na upungufu hulipana, na limbiko huzungukazunguka mahali pamoja. Hali ikigeuka, hata kwa kiasi kidogo, upungufu hauna tena wa kuulipa. Mwaka huongezeka juu ya mwaka, na limbiko huenda upande mmoja kama deni la mtu asiye na kazi. Mwaka uliofuata, 1955, Page aliandika tena, na safari hii aliuliza swali la pili. La kwanza lilikuwa swali la mlinzi wa zamu: je, hali imegeuka sasa hivi? La pili ni swali la kadhi aliyeletewa daftari lililokwisha kufungwa: je, humu ndani pana mgeuko, na kama upo, ulitokea ukurasa gani? Mwanahistoria ni wa upande wa kadhi.

Kanuni ya mlinzi yaweza kujaribiwa juu ya Naili. Tuseme mlinzi amepewa wastani wa miaka ile 28 ya mwanzo, na ameambiwa asishtuke kwa kila upungufu, bali alimbikize ule tu unaozidi nusu ya kuyumba kwa kawaida, kisha apige kelele limbiko likifika mara tano ya kuyumba huko. Hivyo ndivyo viwanda vingi vilivyozoea. Mlinzi huyo asingepiga kelele hata mara moja katika miaka 28 hiyo, wala kwa ajili ya 1877 wala kwa ajili ya 1888. Angepiga kelele mwaka 1902. Miaka minne ya ukavu ingemtosha.

Swali la kadhi ni gumu zaidi, na ugumu wake umewanasa wataalamu wengi. Mtu akijua mwaka wa mgeuko kwa ushahidi wa nje, kazi ni nyepesi: hulinganisha wastani wa kabla na wa baada kwa jedwali la kawaida. Lakini asipoujua, hulazimika kujaribu kila mwaka mmoja mmoja, miaka 99 ya Naili, na kuuchagua ule unaotoa tofauti kubwa kuliko yote. Akiisha kuuchagua, hana haki tena ya kulitumia jedwali la kawaida, maana jedwali hilo liliandikwa kwa mtu asiyechagua. Mwenye kupita kijiji kizima akimtafuta mtu mrefu kuliko wote, kisha akastaajabu kwamba amempata mtu mrefu, amejistaajabia mwenyewe. Tarakimu za kadhi hazina budi kuwa kali zaidi, na kuupata ukali unaostahili kulichukua miaka mingi ya hesabu ngumu.

Mwaka 1978 George Cobb aliileta Naili mbele ya kadhi katika jarida lile lile la Biometrika. Tarakimu alizotumia ni hizi za Aswan za miaka mia, 1871 hata 1970. Hukumu juu ya kuwapo kwa mgeuko haikuwa na shaka nyingi. Tofauti ya wastani wa pande mbili ni zaidi ya mara nane ya kosa ambalo bahati peke yake ingeweza kulizaa kwa kawaida, na hata ukali wote wa kanuni ukizingatiwa, tofauti ya namna hiyo haifutiki. Juu ya mwaka wenyewe pia tarakimu zilinena kwa sauti moja: mpaka upo mwishoni mwa 1898, na miaka mingine ya jirani haina nguvu ya kushindana nao. Tangu hapo karibu kila njia mpya iliyobuniwa, kwa kalamu au kwa kompyuta, imejaribiwa juu ya Naili, na njia isiyouona mwaka 1898 huhesabiwa kuwa ni mbovu.

Lakini hukumu ya kadhi huyu ina mipaka yake. Husema lini, haisemi kwa nini. Na hapa ndipo kalenda ilipotega mtego mkubwa. Mwezi Februari 1899 liliwekwa jiwe la msingi la bwawa la kwanza la Aswan, na mwezi Desemba 1902 bwawa likafunguliwa. Mto ukapungua mwaka ule ule Waingereza walipoanza kuujengea ukuta! Nini tena kitafutwe? Wako walioandika, na hata leo wako waandikao, kwamba bwawa ndilo lililopunguza maji, na wanafunzi hulipokea neno hilo kama jibu la swali.

Neno hilo halisimami. Mwaka 1899 mafundi walikuwa wakichimba msingi. Hapakuwa na ukuta wa kuzuia tone. Tena bwawa lile, lilipokwisha, liliweza kuhifadhi karibu bilioni 1 tu, ilhali upungufu wa mto ulikuwa karibu bilioni 25 kila mwaka. Zaidi ya hayo, kazi ya bwawa ilikuwa kukamata maji ya mkia wa furiko na kuyaachilia miezi ya ukame ya mwaka unaofuata. Bwawa la namna hiyo hubadili miezi, wala halili miaka, ila kwa kiasi kidogo kipotezwacho na jua. Mtoto aliyekutwa na kikombe hawezi kushtakiwa kwa kukausha kisima.

Shaka yenye uzito ni nyingine, nayo yahusu kipimo. Zamani zile mto ulipimwa kwa kimo cha maji, na kimo hicho kiligeuzwa kuwa wingi kwa hesabu. Kimo ni jambo la kuonwa. Wingi ni jambo la kukadiriwa. Hesabu ya kugeuza ikiwa na kasoro kwa miaka ya mwanzo, basi sehemu ya mgeuko yaweza kuwa imo kwenye daftari na siyo mtoni, na wako wataalamu walioshikilia hivyo. Shaka hii haiwezi kutupwa kwa dharau, kwa sababu Naili wenyewe una historia ya jambo kama hilo.

Katika kisiwa cha Roda, mjini Cairo, ipo nguzo ya kupimia maji iliyojengwa mwaka 861 katika enzi ya Khalifa al-Mutawakkil. Vipimo vya kimo cha chini cha mto kwa kila mwaka vimehifadhiwa tangu mwaka 622, na vile vya 622 hata 1284, miaka 663, ni miongoni mwa tarakimu ndefu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kuziandika kwa mfululizo. Wanatakwimu walipozichunguza waliona kwamba miaka mia ya mwanzo haifanani na mingine. Mwaka 2002 Brandon Whitcher na wenzake walionyesha kwamba kabla ya mwaka 720 hivi vipimo vilitikisika mwaka hata mwaka kuliko baadaye. Ukame? Mvua? Walipofungua historia waliona kwamba mwaka 715 ilijengwa nguzo mpya ya kupimia pale Roda. Jambo linaloelekea zaidi ni kwamba mto uliendelea na tabia yake, na wapimaji ndio waliopata chombo kizuri zaidi. Mto mmoja, basi, wenye migeuko miwili mashuhuri: wa kwanza waelekea kuwa wa chombo. Na wa pili je?

Juu ya wa pili ushahidi bora haukutoka Aswan. Karibu sehemu 85 katika 100 za maji yafikayo Aswan hutoka Uhabeshi, kwa njia ya Naili ya Samawati, Atbara na Sobat. Kwa hiyo mto ukipungua kweli, mvua nazo hazina budi kuwa zimepungua. Mwaka 1955 E. B. Kraus alichapisha uchunguzi wake wa mvua za nchi za joto, naye alikuta kwamba zilipungua sehemu nyingi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, hata mahali ambapo hapakuwa na mhandisi wala bwawa. Ziwa Viktoria nalo lilikuwa limejaa sana mnamo 1878, kwa ushuhuda wa wageni waliokaa kando yake, kisha likashuka. Cobb aliutumia ushahidi wa mvua katika makala yake, na alifanya vema. Mashahidi wasiojuana, waliotoka nchi mbalimbali, wakisema neno moja, wana haki ya kusikilizwa kuliko shahidi mmoja anayerudiarudia lake. Kwa hiyo yaelekea kwamba mgeuko wa 1898 ulikuwa wa mbingu kwanza, hata kama kipimo kiliongeza chumvi kidogo.

Hapa yampasa msomaji kukutana na mtu aliyelijua jambo hili kwa upande mwingine. Harold Edwin Hurst alizaliwa Leicester mwaka 1880, akaenda Misri mwaka 1906, na akauhudumia mto kwa zaidi ya miaka sitini, hata Wamisri wakampa jina la Abu Nil. Kazi yake ilikuwa kujibu swali la serikali: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili Misri ipate maji sawasawa kila mwaka, katika neema na katika dhiki, kwa muda wa karne nzima? Njia aliyoitumia ni kutoa wastani katika maji ya kila mwaka na kulimbikiza ziada na upungufu. Umbali kati ya kilele cha limbiko na bonde lake ndio ukubwa wa bwawa linalotakiwa. Aliichapisha mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Page akalimbikiza vivyo hivyo kwa ajili ya viwanda. Wawili hao waliishika jembe moja kwa mipini miwili, na haionekani kama mmoja alikuwa akimtazama mwenzake.

Hesabu ya Hurst ndiyo inayoonyesha kwa nini mwaka 1898 haukuwa jambo la wasomi peke yao. Tarakimu zote za 1871 hata 1970 zikichukuliwa kuwa za mto mmoja wenye wastani mmoja wa bilioni 91.9, limbiko hupanda mfululizo hata kufika bilioni 500 hivi mwaka 1898, kisha hushuka mpaka mwisho. Bwawa la kuutuliza mto huo lingetakiwa kubeba bilioni 500, yaani mara tatu ya Bwawa Kuu la Aswan, lililoanzwa mwaka 1960 na kumalizika 1970, ambalo hubeba bilioni 160 hivi. Lakini mpaka ukiwekwa 1898, na miaka ya tangu 1899 ikapewa wastani wake yenyewe, umbali wa kilele na bonde hupungua ukawa karibu bilioni 120. Mtu anayeamini mto mmoja atajenga asichoweza kujenga, na kuahidi asichoweza kutoa. Anayeamini mito miwili atajenga Bwawa Kuu na kutia saini bilioni 84.

Na ingekuwaje kama furaha ya kale ingerudi? Hilo ndilo lililomsumbua Hurst mwenyewe. Aliona kwamba katika Naili, na katika tarakimu nyingine nyingi za maumbile alizozikusanya, miaka mizuri huvutana na miaka mizuri, na mibaya na mibaya, kupita kadiri ambayo bahati ingeruhusu. Limbiko lilikua haraka kuliko sheria ya sarafu. Mwaka 1968 Benoit Mandelbrot na James Wallis waliiita tabia hiyo kwa jina la Yusufu, kwa kukumbuka miaka saba ya shibe na saba ya njaa katika nchi hiyo hiyo ya Misri. Mto wenye kumbukumbu ndefu namna hiyo waweza kukaa chini miaka sabini bila kuwa umegeuka. Upo tu katika upande mmoja wa pumzi yake. Kwa upande wa pili, mwaka 1974 Vít Klemeš alionyesha kwamba mto wenye wastani unaohamahama, hata usipokuwa na kumbukumbu yoyote, huzaa tarakimu zinazofanana kabisa na zile za Hurst. Basi mtu aliyezoea migeuko huona mgeuko, na mtu aliyezoea kumbukumbu huona kumbukumbu, nao wote wawili huapa kwa daftari moja. Miaka mia haitoshi kuwaamua. Njia zilizobuniwa tangu hapo ni nyingi na zina kasi ya ajabu. Ile ya Rebecca Killick na wenzake, ya mwaka 2012, hupekua tarakimu nyingi mno na kuitoa migeuko mingi kwa mara moja. Ugomvi wa Hurst na Klemeš haukumalizwa na kasi.

Wakati mapatano ya Cairo yalipokuwa hayajatimiza hata miaka mitatu, nchi za juu ya mto zilisema neno lao. Mwezi Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba haitafungwa na mapatano ya 1929, ambayo Uingereza iliyafanya na Misri kwa niaba ya makoloni yake, na ambayo yaliwazuia watu wa maziwa kugusa maji bila ya idhini ya Misri. Uganda na Kenya zilifuata baada ya kujitawala. Na ikatukia kwamba majira hayo hayo maji yenyewe yaligeuka.

Mvua za mwishoni mwa 1961, zilizokutana na uhuru wa Tanganyika, zilinyesha kwa namna isiyokumbukwa na wazee. Kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda karibu mita 2.5, likameza mashamba, gati na nyumba za pwani zake. Maji yatokayo Jinja, ambayo kwa miaka sitini yalikuwa kama bilioni 20 kwa mwaka, yalikaribia kuwa maradufu, na yalikaa hivyo kwa miongo. Kadhi yeyote akipewa daftari la Jinja atauandika mwaka 1961 kwa wino mweusi. Ukifungua daftari la Aswan, hata hivyo, utautafuta mgeuko huo kwa taabu. Mwaka 1964 zilipita bilioni 117, lakini wastani wa 1961 hata 1970 ni bilioni 87.5 tu, na miaka mitatu ya mwisho ilikuwa mikavu. Maji ya ziwa yaliingia katika kinamasi cha Sudd, kinamasi kikatanuka, na jua likala fungu lake. Kisha Uhabeshi, wenye sehemu kubwa ya mto, ukafanya hesabu yake mbali. Tukio kubwa kuliko yote katika maisha ya ziwa likawa, chini kwa Wamisri, mtikisiko mdogo. Mahali palipochomekwa kipimo ndipo panapoamua ni historia ya nani itakayoonekana, na kipimo kilichotumiwa kugawanya mto kilikuwa cha Aswan.

Daftari la Jinja nalo si safi tena. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe mwaka 1954, kwa mchango wa fedha za Misri, maji hutoka kwa mkono wa mtu, ingawa iliahidiwa kwamba mkono huo ungefuata kimo cha ziwa kama ulivyofanya mwamba wa zamani. Ahadi hiyo haikushikwa siku zote. Ziwa liliposhuka sana kati ya 2004 na 2006, uchunguzi ulionyesha kwamba lawama ni ya ukame na ya mitambo pia, kila mmoja kwa sehemu yake. Aliyetaka kusema ni mbingu alikuwa na ushahidi, na aliyetaka kusema ni umeme alikuwa nao.

Mwezi Mei 2010 nchi nne za juu zilitia saini mjini Entebbe mapatano mapya ya ushirikiano, nayo yalianza kuwa sheria kwa waliyoyaridhia mwezi Oktoba 2024, bila Misri wala Sudani. Hayakutaja bilioni kwa nchi yoyote. Mwezi Mei 2020, kati ya saini na sheria, Ziwa Viktoria lilipanda tena, likakipita kile kilele cha 1964, na wavuvi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe wakahamisha majumba yao. Mlinzi wa zamu wa Page ana haki ya kupiga kelele. Kadhi bado hajapata daftari la kutosha upande wa baada.